Mfanyakazi huthamini nini kazini, na jambo hilo hupimwaje?

WAAJIRI wengi humu nchini husadiki kwamba wanajua fika kile ambacho wafanyakazi wao wanakitaka. Ukiwauliza, watakujibu bila kusita kuwa ni pesa. Jibu hilo si la uongo, kwani hapana mtu anayeraukia matatu saa kumi na moja alfajiri kwa mapenzi matupu ya kazi. Hata hivyo, ni jibu lisilotosha, na aghalabu humgharimu anayelitegemea.

Mwajiri anayekisia huweza kuongeza mshahara ilhali kilichokuwa kikiwafukuza watu ni ukali wa msimamizi. Huweza kujenga ukumbi wa michezo ilhali wafanyakazi walitaka tu gari la kuwafikisha nyumbani baada ya zamu ya usiku. Katika sekta ya umma hasara huwa kubwa zaidi. Muuguzi anapoihama zahanati ya mashambani kwa sababu ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza, anayeumia ni mama mjamzito aliyetembea mwendo mrefu akakuta mlango umefungwa.

Ndiyo maana kwa takribani karne moja sasa wataalamu wa saikolojia, uchumi na usimamizi wamekuwa wakitafuta mbinu za kupima kile ambacho mfanyakazi anakithamini katika kazi yake. Makala haya yanaeleza mbinu hizo, zilikotoka, ubora na udhaifu wake, na mambo ambayo mwajiri na mfanyakazi wa Kenya wanapaswa kuyazingatia hojaji inapoletwa mezani.

Maneno matatu yanayochanganywa

Kuna dhana tatu ambazo hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, nazo ni kuthamini, kuridhika na motisha.

Kuthamini ni uzito ambao mtu anakipa kitu. Mfanyakazi akisema kwamba nafasi ya kujiendeleza kimasomo ni muhimu kwake, anaeleza anachokithamini, awe anakipata au hakipati. Kuridhika ni hisia inayotokana na kulinganisha anachokipata na anachokitaka. Motisha nayo ni ile nguvu inayomsukuma atie bidii na aendelee kutia bidii.

Tofauti hii ina maana katika utendaji. Mtu anaweza kuridhika mno na chai ya saa nne inayotolewa ofisini ilhali haipi uzito wowote anapoamua kubaki au kuondoka. Mtaalamu wa Marekani, Edwin Locke, aliyeandika sana kuhusu suala hili kuanzia miaka ya 1960, alieleza kwamba kuridhika hutegemea mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wa pengo kati ya anachokitaka mtu na anachokipata, na umuhimu wa kitu chenyewe kwake. Pengo dogo katika jambo zito huweza kumchoma mfanyakazi kuliko pengo kubwa katika jambo jepesi.

Kwa hivyo, kampuni inayouliza tu, "Je, umeridhika?" imepima nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kuuliza, "Je, hili lina uzito gani kwako?"

Chimbuko la vipimo

Kisa kinachotajwa mara nyingi zaidi katika historia ya taaluma hii ni kile cha kiwanda cha Hawthorne, mali ya kampuni ya Western Electric, karibu na jiji la Chicago. Kati ya 1924 na 1932 watafiti walijaribu kujua jinsi mwangaza, mapumziko na saa za kazi zilivyoathiri uzalishaji. Baada ya majaribio ya awali kuleta matokeo yasiyoeleweka, waliamua kuwauliza wafanyakazi wenyewe. Kuanzia 1928 hadi 1930 walihoji zaidi ya watu 20,000.

Mwanzoni wahojaji walikuwa na orodha ya maswali. Haikuchukua muda wakagundua kwamba wafanyakazi walikuwa wakiyaacha maswali hayo na kuzungumzia mambo mengine kabisa, yale yaliyokuwa yakiwakera au kuwafurahisha wao. Mbinu ikabadilishwa, mhojiwa akaachiwa uhuru wa kuchagua la kusema. Funzo hilo halijapitwa na wakati: orodha ya maswali iliyotungwa na bosi hupima kwanza yaliyomo katika kichwa cha bosi.

Mwaka wa 1932 Rensis Likert alichapisha utafiti uliozaa kile kipimo ambacho karibu kila msomaji wa makala haya amewahi kukijaza, chenye majibu yanayopangwa kwa ngazi, aghalabu tano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Miaka mitatu baadaye, yaani 1935, Robert Hoppock alitoa kitabu kuhusu kuridhika kazini, sehemu yake kubwa ikitokana na majibu ya wafanyakazi wa mji mdogo wa New Hope, jimboni Pennsylvania. Mwaka wa 1943 Abraham Maslow naye akatoa nadharia yake mashuhuri ya mahitaji ya binadamu, inayoanza na chakula na usalama, ikipanda hadi heshima na kukamilika kwa kipaji cha mtu.

Aliyezua mjadala mkali zaidi ni Frederick Herzberg. Mwaka wa 1959, yeye na wenzake wawili walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwataka wakumbuke wakati walipojisikia vyema mno kazini, na wakati walipojisikia vibaya mno. Majibu yaligawika makundi mawili. Yaliyofurahisha yalihusu kazi yenyewe, mathalani kufanikisha jambo, kupongezwa na kupewa wajibu. Yaliyoudhi yalihusu mazingira ya kazi, mathalani sera za kampuni, usimamizi, mshahara na hali ya mahali pa kazi. Herzberg akahitimisha kwamba kuondoa yanayoudhi hakuleti furaha, bali huondoa tu maudhi.

Wapinzani wake, akiwemo Victor Vroom mnamo 1964, walisema kwamba mbinu yenyewe ndiyo iliyozaa matokeo hayo. Ni tabia ya binadamu kujisifu kwa mema yaliyompata na kuwalaumu wengine kwa mabaya. Ukimuuliza kuhusu siku njema atasimulia kazi yake, na ukimuuliza kuhusu siku mbaya atamsimulia mkubwa wake.

Hojaji zenye majina

Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Minnesota kiliibuka kuwa ngome ya vipimo hivi. Wataalamu wake, miongoni mwao René Dawis na Lloyd Lofquist, walijenga nadharia kwamba mtu hudumu kazini iwapo pande mbili zinafaana: uwezo wake uyatosheleze matakwa ya kazi, na kazi nayo itosheleze mahitaji yake. Ili kupima upande wa pili, walibuni hojaji ya umuhimu iliyoshughulikia mahitaji 20, yakiwemo malipo, uhakika wa kazi, uhuru wa kuamua, kupanda cheo, kuhudumia watu na kutokulazimishwa kutenda yanayokwenda kinyume na dhamiri. Mahitaji hayo yaliwekwa katika makundi sita: mafanikio, starehe, hadhi, utu kwa wengine, usalama na kujitegemea. Mwaka wa 1967 walitoa pia hojaji ya kupima kuridhika, ndefu yenye vipengele 100 na fupi yenye 20.

Mwaka wa 1969 Patricia Smith na wenzake walichapisha kipimo kinachochunguza mambo matano: kazi yenyewe, malipo, nafasi za kupanda cheo, usimamizi na wafanyakazi wenza. Mwaka uliofuata Donald Super alitoa orodha yake ya mambo 15 yanayothaminiwa kazini, kila moja likipimwa kwa maswali matatu, hivyo kuwa na maswali 45. Hojaji nyingi zinazosambazwa leo na kampuni za ushauri, hata zile zinazojazwa kwa simu ya mkononi, ni wajukuu wa vipimo hivi.

Mbinu nne za kupima

Ya kwanza ni kukadiria. Mfanyakazi hupewa orodha ya mambo na kuambiwa alipe kila moja alama, tuseme kuanzia 1 hadi 5. Ni mbinu rahisi na hueleweka upesi. Udhaifu wake ni kwamba haimlazimishi mtu kuchagua. Mshahara hupewa 5, likizo 5, heshima 5, bima ya matibabu 5. Mwishoni mtafiti hubaki na orodha ambamo kila kitu ni muhimu, na mwajiri asiyeweza kutoa vyote hajui aanzie wapi.

Ya pili ni kuorodhesha kwa mpangilio. Mfanyakazi hupanga mambo kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Hapa uamuzi unalazimishwa, lakini mpangilio hauonyeshi umbali. La kwanza linaweza kulizidi la pili kwa unywele tu, na la pili likalizidi la tatu kwa mbali sana. Isitoshe, orodha ikizidi vipengele kumi hivi, akili huchoka na nafasi za katikati hujazwa ovyo.

Ya tatu ni kulinganisha mawili mawili, mbinu iliyoimarishwa na L. L. Thurstone kuanzia 1927. Mfanyakazi huulizwa kila mara achague kati ya vitu viwili tu. Ni mbinu makini, ila hesabu yake hupanda upesi. Mambo 10 huzaa jozi 45, na mambo 20 huzaa jozi 190. Hojaji ya Minnesota ilipitia njia hiyo: jozi 190, pamoja na maswali 20 ya kila hitaji peke yake, jumla 210. Faida yake ni kuwa humfichua anayejaza bila kusoma. Aliyesema mshahara ni bora kuliko cheo, na cheo ni bora kuliko likizo, kisha akasema likizo ni bora kuliko mshahara, ama hakuwa makini au hana msimamo. Ili kupunguza mzigo huo, Jordan Louviere alibuni mnamo 1987 njia ya mkato, ambapo mhojiwa huonyeshwa vitu vinne au vitano kwa wakati mmoja, akachagua kilicho muhimu zaidi na kilicho na umuhimu mdogo zaidi.

Ya nne ni kuchagua kati ya kazi nzima. Mhojiwa huelezwa kazi mbili za kuwaziwa. Kazi ya kwanza ina mshahara mkubwa kidogo, haina nyumba, na nafasi ya masomo hutolewa baada ya miaka sita. Ya pili ina mshahara mdogo kidogo, ina nyumba, na masomo hutolewa baada ya miaka miwili. Je, angeichagua ipi? Baada ya maswali kadhaa ya aina hii kwa watu wengi, mtaalamu wa takwimu huweza kukokotoa uzito wa kila kipengele, na hata kukadiria ni kiasi gani cha mshahara ambacho watu wangekubali kukikosa ili wakipate. Mbinu hii ndiyo inayokaribiana zaidi na maisha, kwa kuwa kazi haiji vipande vipande. Inakuja nzima, na baya lake na jema lake.

Kauli na vitendo

Tatizo kubwa linalozikabili mbinu hizi ni kwamba asemalo mtu si lazima liwe ndilo atendalo. Ushahidi wa kuvutia ulichapishwa mnamo 1978 na Clifford Jurgensen. Kwa miaka 30, kuanzia 1945 hadi 1975, alikusanya majibu ya watu zaidi ya 56,000 walioomba kazi katika kampuni moja ya gesi mjini Minneapolis. Kila mmoja alipanga mambo kumi kulingana na umuhimu kwake. Wanaume waliuweka mshahara katika nafasi ya tano, wanawake katika nafasi ya saba. Kisha wakaulizwa jinsi ambavyo mtu mwingine anayefanana nao angepanga. Ghafla mshahara ukaruka hadi nafasi ya kwanza.

Huenda watu waliona aibu kukiri kwamba wanatafuta pesa, hasa mbele ya mwajiri mtarajiwa. Huenda pia kila mtu humdhania mwenzake kuwa na tamaa kuliko yeye. Vyovyote iwavyo, swali lile lile lilitoa majibu mawili, na mpimaji asiyeijua tabia hii atapotea. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Sara Rynes na wenzake mnamo 2004 yalihitimisha kwamba watu huelekea kuupunguza umuhimu wa malipo wanapoulizwa moja kwa moja, ikilinganishwa na jinsi wanavyoamua katika hali halisi.

Lakini mwajiri asifurahie upesi na kusema, "Niliwaambia ni pesa tu." Mwaka wa 1955 Nancy Morse na Robert Weiss waliripoti kwamba kati ya wanaume 401 wa Marekani waliokuwa wameajiriwa, asilimia 80 walisema wangeendelea kufanya kazi hata kama wangerithi pesa za kuwatosha maisha yao yote. Mwaka wa 2017 Alexandre Mas na Amanda Pallais walichapisha jaribio lililofanywa miongoni mwa watu walioomba kazi halisi katika kituo cha simu nchini Marekani. Kwa wastani, waombaji walikuwa tayari kupoteza asilimia 20 ya mshahara ili kuepuka ratiba inayopangwa na mwajiri kwa ghafla, na asilimia 8 ili wafanyie kazi nyumbani. Pesa hapo hazikudharauliwa. Zilitumika kama mizani ya kupimia kitu kingine.

Wauguzi na vituo vya mashambani

Mfano bora wa faida ya kupima vyema unapatikana hapa nyumbani. Mwaka wa 2010, jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha utafiti ulioongozwa na Duane Blaauw kuhusu wauguzi waliokuwa wakikaribia kuhitimu nchini Kenya, Afrika Kusini na Thailand. Zaidi ya wauguzi 1,000 walishiriki. Walipewa uchaguzi kati ya vituo vya kazi vilivyotofautiana kwa marupurupu, makazi, nafasi za masomo na kasi ya kupandishwa cheo, ili ijulikane ni nini kingewavuta mashambani.

Matokeo hayakuwa sawa katika nchi zote. Nchini Kenya na Afrika Kusini, mambo yaliyokuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuwavuta ni nafasi bora za masomo au marupurupu ya kufanya kazi mashambani. Nchini Thailand, kilichovuta zaidi ni bima bora ya afya. Taaluma ni moja, swali ni moja, lakini sera iliyofaa Bangkok isingefaa Garissa.

Tazama linalofuata kutokana na hayo. Serikali ya kaunti iliyo na bajeti finyu, na isiyoweza kuongeza mishahara kwa kiasi kikubwa, inaweza kumwahidi muuguzi ruhusa ya masomo baada ya miaka michache ya huduma katika kituo cha mbali. Ahadi hiyo ina gharama, lakini ni gharama inayojulikana, na inalenga kitu ambacho wauguzi wenyewe walikipa uzito.

Kinyume chake tumekiona pia. Mwaka wa 2018 Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilipoanza kuwahamisha walimu, hasa wakuu wa shule, nje ya maeneo yao ya nyumbani, lengo lilikuwa kuimarisha usimamizi na utangamano wa kitaifa. Chama cha Kitaifa cha Walimu (KNUT) kilipinga vikali. Walimu hawakulalamikia mshahara. Walilalamikia kutenganishwa na wake, waume, watoto na wazazi wazee. Kufikia 2023 maelfu ya walimu walikuwa wameruhusiwa kurudi. Hata aliye na maoni kwamba sera hiyo ilikuwa njema hawezi kukana kwamba uzito ambao mwalimu anaupa ukaribu wa familia ungepaswa kupimwa kabla ya barua za uhamisho kuandikwa.

Katika utumishi wa umma upimaji wenyewe si jambo geni. Kandarasi za utendakazi zilipoanza kutumika nchini mnamo 2004, taasisi nyingi zilianza kufanya tathmini za kuridhika kwa wafanyakazi kama mojawapo ya viashiria vyake. Ni hatua ya kupongezwa. Hatari yake ni kwamba zoezi linalofanywa ili kujaza kisanduku cha ripoti huishia kwenye kisanduku hicho.

Vipimo vya kuazima

Hojaji nyingi zilizotajwa hapo juu zilitungwa Marekani kwa ajili ya wafanyakazi wa huko. Mholanzi Geert Hofstede, aliyechambua hojaji zipatazo 116,000 za wafanyakazi wa kampuni ya IBM zilizojazwa kati ya 1967 na 1973, alionyesha kwamba mataifa hutofautiana katika mambo wanayoyathamini kazini. Afrika Mashariki ilikuwemo, ila Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia ziliwekwa katika fungu moja kwa kuwa wahojiwa hawakuwa wengi. Katika kipimo cha ubinafsi dhidi ya ujamaa fungu hilo lilipata alama 27, Marekani ikapata 91. Alama hizo ni za wafanyakazi wa kampuni moja ya kigeni, kwa hivyo zisichukuliwe kuwa picha ya kila mkulima na kila bawabu. Lakini zinatosha kututahadharisha.

Orodha ya kuazima huacha nje mambo ambayo kwetu ni mazito. Je, mshahara huja tarehe ile ile kila mwezi? Makato ya chama cha akiba na mikopo hufikishwa huko, au hukwama njiani? Mfanyakazi akifiwa anaruhusiwa kwenda kuzika? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, miezi mitatu ya uzazi kwa mama na wiki mbili kwa baba, lakini haitengi likizo ya matanga, hivyo mengi huachwa kwa hiari ya mwajiri. Mtaalamu wa Minnesota hakuyauliza haya kwa sababu hayakuwa shida ya watu wake. Mtafiti wa Nairobi au Mombasa asipoyauliza, hana udhuru.

Lugha ya hojaji

Sisi tunaoshinda tukihariri maneno tunajua kwamba swali likikosewa kutafsiriwa, hakuna takwimu itakayoliokoa. Chukua dhana ya mtu kuwa na hakika kwamba hatafutwa kazi. Wafasiri wengi huandika "usalama wa kazi". Mfanyakazi wa kiwandani akisoma hivyo, huwaza kofia ngumu, glavu na mashine isiyokata vidole. Hapo watu wawili hujibu maswali mawili tofauti, na majibu yao yakajumlishwa pamoja. "Uhakika wa kuendelea na kazi" lingekuwa bora kwa dhana ya kwanza, na "usalama kazini" kwa ya pili.

Vivyo hivyo, "kutambuliwa" kwa wengi ni kujulikana sura au jina, ilhali aliyetunga swali alikusudia kupongezwa kwa kazi nzuri. "Uhuru kazini" huweza kusikika kama ruhusa ya kuzembea. Na anayemwita msimamizi "nyapara" katika hojaji amekwisha kulipaka swali rangi, kwa kuwa neno hilo limebeba kumbukumbu ya shuruti na viboko.

Njia inayokubalika ni ile aliyoieleza Richard Brislin mnamo 1970. Mtu wa kwanza hutafsiri, wa pili asiyeyaona maswali ya asili huirudisha tafsiri katika lugha ya mwanzo, kisha matini mbili hulinganishwa. Baadaye watu wachache walio kama wale watakaohojiwa huijaza na kueleza walivyolielewa kila swali. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo isiyopaswa kurukwa.

Kusoma matokeo

Wastani ni mtumishi mzuri lakini huficha mengi. Tuseme wafanyakazi 100 wanaulizwa kuhusu umuhimu wa kituo cha kulelea watoto kazini. Hamsini, walio na watoto wadogo, wanakipa alama 5, na hamsini wengine wanakipa alama 1. Wastani ni 3, yaani "muhimu kiasi". Hakuna hata mmoja aliyesema hivyo. Meneja anayesoma wastani peke yake atalitupa pendekezo ambalo nusu ya watu wake wanalililia. Ndiyo sababu majibu hutenganishwa kwa umri, jinsia, cheo, zamu na muda wa utumishi.

Baada ya hapo, umuhimu huwekwa kando ya kuridhika. Tuchukue mfano wa kubuni wa shamba la maua. Usafiri wa usiku una umuhimu wa 4.7 na kuridhika kwa 2.1. Chakula cha mchana kina umuhimu wa 3.9 na kuridhika kwa 3.6. Sherehe ya mwisho wa mwaka ina umuhimu wa 2.2 na kuridhika kwa 4.4. Picha inajieleza. Usimamizi unaotumia pesa katika sherehe ilhali wanawake wanatembea gizani umewekeza mahali pasipohitajika. Tofauti ya 2.6 katika usafiri ndiyo inayopaswa kushughulikiwa kwanza, kwa sababu imeangukia jambo zito.

Siri ya mjazaji

Hakuna kipimo kinachofaa pale ambapo watu wanaogopa. Mfanyakazi wa kibarua anayejua kwamba fomu itapitia mikononi mwa msimamizi wake ataandika yanayompendeza msimamizi. Hojaji isiyotaja jina lakini inayouliza idara, umri, jinsia na mwaka wa kuajiriwa haina siri yoyote katika idara yenye watu wanne. Kanuni inayofuatwa na wapimaji waangalifu ni kutotoa matokeo ya kundi dogo mno, na kumpa mtu wa nje kazi ya kukusanya na kuhifadhi majibu. Humu nchini, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aeleze sababu za kuzikusanya na azilinde.

Mfanyakazi anapoletewa hojaji, ana haki ya kuuliza maswali manne: nani ataona majibu yangu, yatatumiwa kwa jambo gani, matokeo yatatangazwa kwetu lini, na yale tuliyoyasema mwaka uliopita yalifanyiwa nini? Swali la mwisho ndilo zito. Watu wakiulizwa mara tatu bila kuona mabadiliko, mara ya nne hujaza fomu kwa dakika mbili na kurudi kazini, na takwimu zitakazotokana na fomu hizo zitakuwa safi kwa macho na tupu kwa ndani.

Mwajiri mdogo mwenye watu kumi hahitaji mtaalamu wa takwimu. Anaweza kuandika mambo kumi kwenye vikaratasi, akamwomba kila mtu achague matatu aliyo nayo haja zaidi na matatu anayoweza kuyakosa, kisha vikakusanywa na mtu wanayemwamini. Anaweza pia kumuuliza kila anayeacha kazi sababu yake, na kumuuliza anayebaki kwa nini amebaki. Kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na anayekilalia yupo, anaweza kusema. Kinachobaki ni kwa mwenye kitanda kuwa tayari kusikia jibu ambalo hakulitarajia, na kutenga fedha za kulitekeleza kabla hajauliza.